Msanii Hakosi Nidhamu, Anakosa Bei

Mbinga mjini, na kule ufukweni Mbamba Bay na Liuli, utasikia maneno yaleyale: msanii hawezi kutunza pesa, akipata leo kesho hana. Yanasemwa kwenye semina za ujasiriamali. Wazazi huyatumia kumzuia mtoto asishike brashi. Linaloniuma zaidi ni kwamba wasanii wenyewe wameyaamini. Nayapinga. Wachoraji, wachongaji na wapiga ngoma wengi wa huku hawana pesa ya kutunza, maana kazi yao iliuzwa kwa hasara tangu walipotaja bei.

Mchukue mchoraji wa mabango na kuta za shule. Tuseme nyumba yake inahitaji shilingi 300,000 kwa mwezi, yaani 3,600,000 kwa mwaka. Hachori kila siku: kuna siku za kusaka kazi, za kufuata rangi Songea, za kusubiri mvua ikatike, za kudai malipo. Akipata siku 120 za kuchora kwa mwaka, amejitahidi. Kwa hiyo kila siku ya kuchora lazima imwachie 30,000 baada ya kutoa rangi, nauli na vifaa. Bango la siku tatu, lenye gharama ya 40,000, haliwezi kuuzwa chini ya 130,000. Mteja anatazama makopo na kusema, "Si rangi tu hii, kaka? Chukua 60,000." Anachukua. Amebakiwa na 20,000 kwa siku tatu, na siku zote alizokaa bila kazi amezilipia mwenyewe. Umfundishe kuweka akiba, ataweka nini?

Hiyo hoja ya "rangi tu" nayo ife. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru, mkoa huuhuu wa Ruvuma, alichora kwa rangi ya baiskeli juu ya mbao za bei nafuu. Alifariki mwaka 1972, na wanaozitafuta picha zake leo hawaulizi kopo la rangi lilinunuliwa shilingi ngapi.

Watu wa Mbinga wangekuwa wa kwanza kunielewa, maana wanaijua magoma. Mkulima akibanwa na ada au ugonjwa, anauza kahawa ingali mtini kwa bei ya anayemkopesha. Msimu ukifika, mavuno si yake tena. Biashara hiyo imepigwa vita na viongozi, na mkulima yule hatumwiti mbadhirifu. Tunasema ameumizwa kwenye bei. Msanii anayepokea 60,000 kwa sababu nyumbani hakuna unga ameingia magoma ileile, ila yeye tunamhubiria nidhamu.

Wapo wanaokunywa malipo yao, sikatai. Wapo pia wavuvi wa usipa na walimu wanaofanya hivyo, na hakuna anayewapunguzia wenzao bei ya samaki wala mshahara kwa sababu hiyo.

Vikundi vya ngoma za mganda na kioda ndivyo vinavyoonewa zaidi. Wana ngoma za kuwamba, sare za kushona, mazoezi ya jioni baada ya jioni. Wanaalikwa kwenye sherehe, wanapakiwa kwenye lori, wanapewa wali na soda, kisha wanaambiwa watajulikana. Wanajulikana tangu enzi za babu zao! Aliyeleta spika amelipwa, mwenye mahema amelipwa. Anayesema ngoma ni utamaduni na haina bei anieleze kwa nini gharama ya utamaduni wetu sote ibebwe na wachezaji peke yao.

Nitaambiwa wateja hawana pesa. Machi, kabla ya mavuno, ni kweli, maana pesa ya huku huja na kahawa. Ndiyo sababu bei ya msimu ni lazima ibebe pia miezi mikavu. Mteja aliyepungukiwa apunguziwe ukubwa wa bango, thamani ya siku ya fundi isiguswe. Au alipe nusu sasa na nusu akiuza kahawa, kwa maandishi, na sahihi za wote wawili. Hata mkopo wa Mfuko wa Utamaduni na Sanaa hautamwokoa anayeuza kwa hasara. Utamwongezea deni.

Basi anayeandaa semina ijayo, iwe Mbinga au Mbamba Bay, aanze na hesabu ya zile siku 120, kila msanii na daftari lake. Mchana awaite wanaowaagiza kazi, halmashauri, wakuu wa shule na wenye maduka, waje wasikie bei hizo zikisomwa. Somo la akiba liwekwe siku ya pili.