Fedha Yapita, Dereva Azuiwa

Tangu mwaka 2017 biashara ya mashindano ya magari ya Formula One imo mikononi mwa kampuni ya Kimarekani, Liberty Media. Kuanzia mwaka 2023 Marekani imekuwa ikiandaa mashindano matatu kila msimu, huko Miami, Austin na Las Vegas, idadi isiyopewa nchi nyingine yoyote. Hata hivyo, Mmarekani wa mwisho kushinda ni Mario Andretti, mjini Zandvoort, Uholanzi, mwaka 1978.

Naye Andretti hakuwa zao la utajiri huo. Alizaliwa mwaka 1940 katika mji wa Montona, uliokuwa wa Italia wakati ule na ambao sasa umo Croatia. Vita vilipokwisha na mipaka ikabadilishwa, jamaa yake walikuwa wakimbizi, wakaishi kambini Lucca kwa miaka saba kabla ya kufika Marekani mwaka 1955. Mbali naye, Marekani imepata bingwa mmoja tu wa dunia, Phil Hill, mwaka 1961. Hill aliendesha Ferrari ya Waitalia. Andretti, Lotus ya Waingereza.

Wako wanaosema kwamba Wamarekani hawana haja na mashindano hayo kwa kuwa wanayo ya kwao, yenye fedha na watazamaji tele. Hiyo ni nusu ya ukweli. Mwaka 2022 Colton Herta, ambaye alikwisha kushinda mara 7 katika mashindano ya IndyCar ya nchini mwake, alitakiwa na Red Bull kwa ajili ya timu yake ya AlphaTauri. Leseni ilidai pointi 40; yeye alikuwa nazo 32. Kwa kanuni za wakati huo, kijana aliyemaliza msimu wa tatu katika Formula Two, ambayo ni ngazi ya chipukizi, alipewa pointi zote 40, ilhali aliyemaliza wa tatu katika IndyCar, akipambana na madereva waliokomaa, aliambulia 20. Herta akakosa nafasi.

Ni kweli kwamba kanuni hazipaswi kupindwa kwa ajili ya mwenye fedha. Lakini hapo ndipo ubepari unapojianika: mtaji wa Marekani ulivuka bahari bila kudaiwa leseni, dereva wa Marekani akasimamishwa mlangoni.

Wala si Herta wa kwanza. Willy T. Ribbs, ambaye mwaka 1991 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kufuzu kushiriki mbio za maili 500 za Indianapolis, aliwahi kulijaribu gari la Brabham huko Estoril, Ureno, katika miaka ya 1980. Hakupewa nafasi ya kushindana hata mara moja. Formula One ilikaa bila dereva mweusi hadi mwaka 2007, alipoingia Lewis Hamilton, Mwingereza.

Logan Sargeant, Mmarekani, aliachwa na timu ya Williams mwezi Agosti, 2024. Kisha ikatangazwa timu mpya ya Kimarekani, yenye jina la Cadillac, kwa msimu wa 2026. Usukani walikabidhiwa Sergio Pérez wa Mexico na Valtteri Bottas wa Finland. Herta alipewa kazi ya dereva wa majaribio na, baada ya miaka yote ile ya IndyCar, akaelekea Formula Two kutafuta pointi miongoni mwa chipukizi.