Wanasiasa wahubiri unga, mlalahoi ahesabu gharama ya sufuria nzima

WAKENYA wana kipimo chao cha hali ya uchumi kisichotolewa na Shirika la Taifa la Takwimu (KNBS). Kipimo hicho ni chajio.

Takwimu za mfumko wa bei zinaweza kushuka mwezi hadi mwezi, na mawaziri wakazisoma kwa bashasha mbele ya wanahabari. Lakini jua likishatua na sufuria kutelekwa jikoni, mama mwenye nyumba hujua papo hapo kama mwezi umekuwa mwema au la. Huitazama rangi ya chai, wingi wa mafuta kwenye mboga na idadi ya vinywa vinavyosubiri.

Katika nyumba nyingi chajio ni ugali na sukuma wiki, na chai kabla au baada yake. Kinachobadilika ni vitoweo. Nyanza kuna omena, na samaki mzima mambo yakinyooka. Magharibi kuna mrenda na saga, na ugali uliochanganywa na wimbi au mtama. Katika Bonde la Ufa ugali huteremshwa kwa mursik au maziwa mala, nako Ukambani na maeneo ya Mlima Kenya githeri na muthokoi havijasahaulika. Pwani watu hula sima kwa mchicha au samaki, na mwenye uwezo akapika wali wa nazi, kisha ikafuata chai ya tangawizi au iliki.

Jina lenyewe la sukuma wiki linajieleza. Ni mboga ya kuisukuma wiki hadi mshahara ufike, ingawa kwa wengi siku hizi inasukuma mwezi mzima.

Kwa kuwa ugali ndio nguzo ya mlo huu, wanasiasa wamezoea kuusoma kwa kigezo kimoja tu: bei ya pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi. Mnamo 2011 wanaharakati waliandamana jijini Nairobi wakitaka bei hiyo ishushwe. Tangu wakati huo hakuna serikali iliyothubutu kuipuuza, hasa kura zikikaribia.

Mwaka wa 2017 ukame na viwavijeshi vamizi viliposhambulia mashamba, serikali ya Rais Uhuru Kenyatta iliagiza mahindi kutoka nje na kulipia ruzuku ili pakiti iuzwe kwa Sh90. Hiyo ilikuwa Mei, na uchaguzi ulikuwa Agosti. Miaka 5 baadaye mchezo ulichezwa upya. Julai 20, 2022, zikiwa zimesalia wiki tatu hivi Wakenya wapige kura, Rais Kenyatta alitangaza kwamba bei ingeshuka kutoka Sh205 hadi Sh100. Katika maduka mengi unga huo ulitoweka kwenye rafu kabla ya wengi kuuonja, na uchaguzi ulipopita ruzuku nayo ikapita.

Rais William Ruto alipoapishwa Septemba 13, 2022, alisema ruzuku kwa walaji ilikuwa imefyonza mabilioni bila kumfaa mwananchi. Badala yake aliahidi kumsaidia mkulima. Bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ilipunguzwa kutoka Sh6,500 hadi Sh3,500, na mwaka uliofuata ikafika Sh2,500.

Hoja hiyo ina mashiko. Mkulima akivuna vyema, bei hushuka bila ya Hazina Kuu kuwalipa wasagaji. Hata hivyo, mwaka wa 2024 ilibainika kwamba baadhi ya wakulima walikuwa wameuziwa mbolea duni katika mpango uo huo. Wabunge walitaka kumtimua Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Bw Mithika Linturi, lakini kamati maalum ikasema Mei mwaka huo kwamba madai dhidi yake hayakuthibitishwa. Aliyepanda kwa mbolea hiyo hakuwa na kamati ya kumrudishia msimu wake.

Lakini tatizo kubwa zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni kwamba pande zote mbili zinazungumzia unga pekee. Unga hauliwi mbichi. Unahitaji maji, moto, mboga, kitunguu, nyanya, mafuta na kitu cha kunywa. Familia ikipunguziwa Sh20 kwenye unga na kuongezewa Sh30 kwenye vingine, haijasaidiwa.

Tuanze na moto, maana ndio unaoamua kitakachopikwa. Ugali huiva kwa dakika zisizozidi 20. Maharagwe makavu yanataka saa mbili au zaidi, na githeri ya mahindi makavu hata zaidi ya hapo. Kwa anayepikia stovu ya mafuta taa katika chumba kimoja cha kukodi, tofauti hiyo ni pesa. Anaweza kumudu kununua maharagwe lakini asimudu kuyachemsha.

Sera za serikali zimeuchochea mzigo huu mara kadhaa. Septemba 2018 mafuta taa yaliongezewa ada ya Sh18 kwa kila lita ili kukomesha wafanyabiashara walioyachanganya na dizeli. Nia ilikuwa njema, kwani dizeli chafu huharibu injini. Ila aliyelipa gharama ya kuzilinda injini hizo ni mtu asiyemiliki gari. Mapema mwaka huo huo serikali ilikuwa imepiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, na bei ya makaa ikapaa. Marufuku hayo yaliendelea hadi Julai 2023.

Kuhusu gesi, serikali imekuwa kama mtu anayecheza kiduku, mbele hatua moja na nyuma mbili. Iliiondolea ushuru wa thamani ya ziada (VAT) mwaka wa 2016, ikaurejesha kwa asilimia 16 Julai 2021, ikaupunguza hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, kisha ikauondoa tena 2023. Familia iliyohimizwa kuachana na makaa ilinunua mtungi, ikashindwa kuujaza, ikarudi kwa makaa. Na mwaka wa 2023 ambapo gesi ilipata nafuu, VAT ya mafuta mengine ya petroli iliongezwa maradufu kutoka asilimia 8 hadi 16, na nauli ya kila gunia la viazi au sukuma kutoka shambani ikafuata.

Matokeo yanaonekana kando ya njia katika mitaa kama vile Kawangware, Kayole na Mathare. Maharagwe yamehama kutoka jikoni hadi barabarani. Kuna akina mama wanaochemsha sufuria kubwa ya maharagwe, ndengu au githeri tangu alasiri na kuuza kwa kikombe. Mteja huenda nayo nyumbani, akayaunga kwa kitunguu na mafuta ya kupimiwa, na chajio kikapatikana kwa dakika 10. Ni biashara ya werevu inayostahili pongezi, na kwa hakika imewahifadhia watoto wengi protini ambayo wangeikosa.  Mara nyingi serikali wanayoijua ni askari wa kaunti.

Kisha kuna kinywaji.

Kenya inaongoza duniani kwa kuuza chai nyeusi katika nchi za kigeni. Chai ya kwanza ilipandwa Limuru mwaka wa 1903, na siku hizi nchi huzalisha zaidi ya kilo milioni 500 kwa mwaka katika miaka mizuri. Sehemu kubwa mno hupitia mnadani Mombasa na kusafirishwa ng'ambo. Kinachobaki nyumbani ni kidogo sana.

Hata hivyo, majani si ghali kwa Mkenya. Kinachogharimu ni maziwa na sukari, kwa sababu chai yetu ya jadi huchemshwa pamoja na maziwa tangu mwanzo, haimiminiwi tone juu kama wafanyavyo Waingereza waliotuletea. Ukame wa kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, uliangamiza zaidi ya mifugo milioni 2, na bei ya maziwa ikapanda. Mwaka wa 2023 viwanda vya sukari magharibi mwa nchi vilisimamishwa kusaga kuanzia Julai ili miwa ikomae, na kilo ya sukari ikavuka Sh200.

Ndipo strungi ikachukua nafasi ya chai. Zamani strungi ilikuwa ya mhudumu wa ujenzi aliyeharakisha kurudi kazini, au ya mwisho wa mwezi. Katika nyumba nyingi imekuwa ya kila jioni, na mara nyingine ndiyo chajio chenyewe, ikisindikizwa na kipande cha mkate au mandazi.

Mabadiliko hayo si ya ladha tu. Kwa mtoto wa mlalahoi, maziwa ya kwenye chai huenda ndiyo maziwa pekee anayoyapata kwa siku. Walio na umri wa kutosha wanakumbuka maziwa ya Nyayo yaliyoanza kugawiwa shuleni 1979 chini ya Rais Daniel arap Moi, na jinsi watoto walivyoyakimbilia. Isitoshe, wataalamu wa lishe hueleza kwamba kemikali iitwayo tanini iliyomo kwenye chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika mboga na nafaka. Anayekula nyama hana wasiwasi mkubwa. Lakini kwa mama mjamzito ambaye chuma chake chote kinatoka kwenye managu na maharagwe, ni afadhali chai isubiri saa moja hivi baada ya mlo, na mezani pawe na maji, au mala ikipatikana.

Lazima pia isemwe kwamba nchi imepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wenye umri wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, ilhali mwaka wa 2014 walikuwa asilimia 26. Hayo ni mafanikio yaliyochukua miaka minane, na yanaweza kupotezwa kwa muda mfupi kuliko huo.

Ndiyo maana pendekezo la Mswada wa Fedha wa 2024 la kutoza mkate VAT ya asilimia 16, na mafuta ya kupikia ushuru wa asilimia 25, liliwachoma watu kuliko walivyotarajia waliouandika. Mchumi wa Hazina Kuu huenda aliuona mkate kama chakula cha staftahi cha watu wa mjini wenye mishahara. Kwa anayelalia strungi, mkate ndio chajio. Pendekezo la mkate liliondolewa kabla ya kura ya Bunge, lakini hasira zilikuwa zimekwisha kuwaka, vijana wakaingia barabarani, na baada ya umwagikaji damu wa Juni 25 Rais alikataa kuutia saini mswada wote.

Usalama wa chakula chenyewe nao husahaulika hadi watu wafe. Mwaka wa 2004 watu 125 walifariki, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini waliyoyahifadhi yakiwa hayajakauka. Machi 2021 serikali ilipiga marufuku mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu kama hiyo, kisha ikalegeza msimamo kwa masharti baada ya siku chache. Mashine za kukaushia mahindi zingali haba vijijini, na mvua za mwisho wa mwaka hazimsubiri anayevuna.

Uchaguzi Mkuu wa Agosti 2027 utakapobisha hodi, bila shaka pakiti ya unga itapandishwa jukwaani tena. Kuna jukwaa jingine ambalo hufunguliwa kila mwaka bila vigelegele. Mswada wa Fedha hufikishwa Bungeni kabla ya Aprili kumalizika, na wananchi hualikwa kuwasilisha maoni kuhusu ushuru wa mafuta taa, gesi, mkate na mafuta ya kupikia. Wenye viwanda, benki na kampuni za mawasiliano huwatuma mawakili na wahasibu wao. Mama anayeuza maharagwe kwa kikombe kule Kayole hana chama cha kumwandikia, na saa ambazo kamati huketi ndizo saa ambazo sufuria yake iko motoni.