Msongo wa mawazo msimu wa pamba: kwa nini wengine wanakula kupita kiasi?

Unapofika msimu wa kuuza pamba, mazungumzo ya Simiyu huwa mawili tu: bei na malipo. Kuanzia Bariadi hadi Itilima, Maswa, Meatu na Busega, watu wanaulizana kilo moja imekuwa shilingi ngapi, na kama hela imeshafika AMCOS. Sisi studioni maswali hayo tumeyazoea. Lakini lipo swali jingine linalotujia kwa sauti ya chini kidogo: "Nina mawazo hadi silali usiku, mbona badala ya kukonda ninanenepa?"

Ni swali la maana, na jibu lake haliishii kwenye sahani. Linaanzia kwenye ubongo, na kwa hapa kwetu linafika hadi kwenye mzani wa pamba.

Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba mtu mwenye mawazo hukonda. Ni kweli kwa baadhi ya watu. Wapo ambao wakipata shida, hata uji haupiti kooni. Lakini wapo wengine ambao shida ikikaa muda mrefu, mkono wao unakwenda kwenye chakula kila wakati. Tofauti kubwa iko kwenye aina ya msongo na muda unaokaa nao.

Tuanze na msongo wa ghafla. Wenzetu wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti na Pori la Akiba la Maswa wanaujua vizuri. Usiku wa manane unasikia mabua yanavunjika, tembo wameingia shambani. Moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, miguu inapata nguvu ambayo hukujua unayo. Hiyo ni kazi ya homoni iitwayo adrenalini. Ubongo umeuambia mwili: pambana au kimbia. Kwa dakika hizo tumbo linasimamisha shughuli zake, na hakuna anayekumbuka ugali. Tembo wakiondoka, mwili hutulia taratibu.

Sasa chukua msongo wa aina ya pili, ule usioondoka. Bei haijulikani. Pamba umeshaipeleka lakini malipo bado. Mtoto anatakiwa kurudi shule, na mwenye duka ulikokopa anakusalimia kila siku kwa namna inayokukumbusha deni. Hapa hakuna wa kupambana naye wala pa kukimbilia. Hata hivyo ubongo unaendelea kupiga kengele ya hatari, leo, kesho na mwezi ujao.

Kengele hiyo inaanzia sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo haipothalamasi. Inapeleka taarifa hadi kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo, nazo zinamwaga homoni iitwayo kotisoli. Kotisoli si adui. Ndiyo inayotusaidia kuamka asubuhi, na wakati wa shida huongeza sukari kwenye damu ili tupate nguvu. Tatizo ni pale inapobaki juu kwa wiki na miezi. Hapo inaongeza hamu ya kula, hasa vitu vitamu na vyenye mafuta, na inasaidia mafuta kujikusanya tumboni.

Kwa nini vitamu na vya mafuta, wala si mchicha? Mwaka 2003, mtafiti Mary Dallman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha maelezo yaliyotokana na kazi yao ya kuchunguza panya wenye msongo wa muda mrefu. Hoja yao ilikuwa kwamba vyakula vya sukari na mafuta hupunguza makali ya ile kengele ya ubongo. Kwa maneno mengine, andazi na chai yenye sukari nyingi vinatuliza kweli, kwa muda mfupi. Ubongo unakumbuka nafuu hiyo. Kesho mawazo yakirudi, unakuomba tena andazi.

Wakati huohuo, sehemu ya mbele ya ubongo, inayotusaidia kupanga mambo na kujizuia, hufanya kazi vibaya tunapokuwa na msongo. Ndiyo maana mtu anaweza kujua kabisa kwamba ameshiba na bado akaendelea kula. Kumwambia "acha ulafi" hakumsaidii sana, kwa sababu sehemu unayoizungumzisha ndiyo iliyochoka.

Kisha lipo suala la usingizi. Mwaka 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago nchini Marekani waliwapima vijana 12 wa kiume waliolala saa 4 tu kwa usiku, siku mbili mfululizo, wakawalinganisha na hali yao walipopata muda mrefu wa kulala. Homoni inayochochea njaa ilikuwa juu kwa asilimia 28, na ile inayoleta shibe ilikuwa chini kwa asilimia 18. Hao walikosa usingizi siku mbili tu. Mkulima anayelinda shamba dhidi ya tembo anaweza kukesha wiki nzima, na mama anayehesabu madeni kitandani naye hajalala. Asubuhi wote wawili wanaamka na njaa ambayo si ya tumbo peke yake.

Tukirudi kwenye pamba, tutaona kwa nini hofu hii si ya kufikirika. Mwaka 2019 bei ilipangwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo, soko la dunia likashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wakakaa miezi bila kulipwa. Mwaka 2022 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,560. Mwaka uliofuata ikawa 1,060. Kwa mkulima mwenye kilo 1,000, tofauti hiyo ni shilingi 500,000 iliyopotea bila yeye kupunguza hata palizi moja. Mtu wa namna hiyo akikosa usingizi, hatuwezi kusema anajitakia.

Na chakula kilicho karibu naye ni kipi? Zamani, vitafunwa vya Usukumani vilikuwa michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Leo kwenye senta karibu zote utakuta maandazi, chipsi, mihogo ya kukaanga na soda. Chupa moja ya soda ya mililita 350 inaweza kuwa na sukari karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe takriban vijiko 12 kwa siku, na ikiwezekana abaki kwenye 6. Soda moja na vikombe viwili vya chai tamu vinatosha kumaliza hesabu yote.

Tusidanganyane: Simiyu bado kuna nyumba zinazokosa chakula cha kutosha, na kwao shida kubwa ni njaa. Lakini mambo haya mawili yanaishi kijiji kimoja, wakati mwingine nyumba moja. Takwimu za kitaifa za afya zinaonyesha kwamba wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 18 mwaka 2004–05, na wakafika asilimia 28 mwaka 2015–16. Mijini walikuwa wengi zaidi, lakini vijijini nako walikuwa asilimia 21, yaani mmoja kati ya watano. Msongo si sababu pekee ya ongezeko hilo. Tunachosema ni kwamba ukikutana na chakula kitamu cha bei rahisi, unasukuma upande huohuo.

Hapa ndipo hatari yetu ilipo. Mtu akinenepa, majirani wanasema amenawiri, maisha yamemkubali. Hakuna anayemuuliza analala saa ngapi. Miaka inapita, na siku anaanguka ndipo nyumba inajua kwamba alikuwa na presha au kisukari. Presha mara nyingi haina dalili. Kisukari huweza kuonyesha kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara na uchovu.

Nini kifanyike nyumbani? Kwanza, usishinde njaa mchana kutwa halafu ukamalizia kila kitu usiku, kwa sababu ubongo wenye njaa na msongo hauchagui. Punguza sukari kwenye chai kidogo kidogo, kijiko kimoja kwa wiki. Weka karibu kunde, choroko, karanga au nsansa, vyakula vinavyokaa tumboni. Kabla ya kuongeza sahani ya pili, kunywa maji, subiri kidogo, jiulize: hii ni njaa au ni mawazo? Wanaolinda mashamba wapeane zamu ili kila mmoja apate usiku wa kulala. Deni mweleze mwenza wako au ndugu unayemwamini. Likibaki moyoni linakukosesha usingizi kila siku. Na ukienda zahanati kwa jambo lolote, omba kupimwa presha na sukari. Ukiona mawazo yanakuzidi hadi unakata tamaa ya kuishi, usisubiri, mweleze mtu wa karibu na nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Lakini si haki mzigo wote tukamwachia mwenye sahani. Viongozi wa AMCOS, wanunuzi na serikali wanapokaa kujadili pamba, wakumbuke kwamba tarehe ya malipo inayojulikana na kuheshimiwa ni sehemu ya afya ya mkulima. Bei ya dunia hatuwezi kuiamrisha kutoka Bariadi. Kumwambia mkulima ukweli kwamba atalipwa lini, hilo linawezekana, na linaweza kumpa usingizi.

Basi msimu huu, ukimwona jirani anakula kuliko kawaida yake, usianze kwa kumcheka. Muulize kwanza kama analala.