MLEMBE NA MLUZI WA WAHADZABE

Katika wilaya ya Mkalama, ambayo Iguguno ni moja ya kata zake, wangaliko Wahadzabe wa Munguli, watu ambao tangu kale humwita ndege kwa mluzi ili awaonyeshe asali ilipo. Ndege huyo, mlembe, hutangulia akilia mti hata mti. Mtu akiisha kurina, yeye hula nta.

Wengi wetu tulidhani mlembe huzaliwa na kazi hiyo yote kamili, kama kuku na kuchakura. Kumbe sivyo. Mwaka 2023 wataalamu Claire Spottiswoode na Brian Wood walitangaza kwamba katika vilima vya Kidero, kaskazini mwa nchi yetu, mlembe alikuwa tayari kushirikiana na mpiga mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara tatu kuliko na mtu atoaye mwito wa Wayao wa Niassa, Msumbiji. Na huko Niassa mwito wa Kiyao ndio uliopendelewa, karibu mara mbili.

Wala si wazazi waliomfunza. Mlembe hutaga katika viota vya ndege wengine, na kinda wake hulelewa na walezi wasiojua lolote juu ya kuongoza watu. Basi ishara ya mahali hujifunza kwa watu wa pale alipokulia. Aielewaye hushiba nta, naye mtu ashikaye mwito wa wazee wake hupata asali, na hivyo desturi hizo mbili zimekua pamoja.

Ndugu zetu wa Unguja wanalo jambo la namna hiyo mlangoni mwao. Kima punju wa mashambani kandokando ya Jozani hula makaa, ambayo hupunguza sumu ya majani ya miembe na mikungu, na inasadikiwa kuwa watoto huiga kwa mama zao.

Kwa hiyo haitoshi ofisa kuandika kwamba ndege wapo. Pori likifyekwa, na vijana wakitosheka na sukari ya dukani, mlembe atakayekulia hapo hatasikia mluzi. Mizinga ya kisasa hatuipingi hata kidogo, lakini haimwiti ndege. Tunawaomba maofisa wa ardhi na misitu, kabla ya kuchora ramani zao za matumizi ya ardhi, wawaulize wazee warina asali ni mapori gani wanayopigia mluzi.