Mwenye Macho Aambiwe Tazama

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Nawaheshimu wahenga wetu, na kwa miaka yote niliyosimama mbele ya ubao nimewatumia methali zao kama chumvi katika mchuzi. Lakini kwa methali hii nathubutu kubishana nao hadharani. Mwenye macho ndiye hasa wa kuambiwa tazama, tena aambiwe kila siku, kwa sababu kuwa na macho ni jambo moja na kuona ni jambo jingine kabisa.

Asiyesadiki afanye jaribio dogo. Ampe mtoto wa darasa la tano, wa Nyamisati au wa Bungu, karatasi na penseli, kisha amwambie achore picha yoyote aipendayo. Mara nyingi atarudishiwa milima miwili iliyochongoka, jua likichomoza katikati yake, mto ukiteremka kutoka milimani, na kando ya mto nyumba yenye bomba la moshi juu ya paa. Juu angani watakuwapo ndege watatu kama alama za vema. Sasa msomaji wangu, nionyeshe mlima mmoja katika delta ya Rufiji. Nionyeshe nyumba moja ya Kibiti yenye bomba la kutolea moshi wa kuotea baridi. Mtoto huyu amezaliwa mahali ambapo maji ya bahari hupanda na kushuka mara mbili kwa siku mbele ya mlango wake, naye amechora nchi ambayo hajapata kuikanyaga.

Simlaumu mtoto. Hakuibuni milima ile, tumempa sisi. Iko katika kalenda tulizotundika ukutani, iko katika madaftari, na siku hizi iko katika simu. Nenda kwenye shule ya awali utazame kuta zake: tufaha jekundu limepakwa rangi vizuri, na nje ya dirisha mkorosho umeinamisha matawi kwa uzito wa mabibo ambayo hakuna aliyeyachora. Tumemfundisha mtoto, bila kusema neno, kwamba kitu chenye kustahili kuchorwa ni kile kilichoko mbali, na kwamba kwao hakuna kitu.

Na watu wazima nao wamelimeza somo hilo. Kijana anayejiita mchoraji ukimuuliza kwa nini anarudia simba, Mmasai na Kilimanjaro, hujibu bila haya: "Mzee, hapa petu hakuna cha kuchora." Hapa petu hakuna! Hapa ambapo fundi anachonga mtumbwi kwa tezo, na vibanzi vinaruka na kulala juu ya miguu yake. Hapa ambapo mwanamke anasuka ukili wa mkeka huku akizungumza na jirani, vidole vikihesabu bila macho kusaidia. Hapa ambapo katika mashamba ya mpunga madungu yamesimama juu ya miguu yao mirefu, na ndani yake watu wanalinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe. Gati la Nyamisati peke yake, saa abiria wa Mafia wanaposhuka na magunia, ndoo na watoto migongoni, lingetosha kumshughulisha mchoraji maisha yake yote. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kijana wetu hataki kuinama.

Tuje kwenye mikoko, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo. Msitu wa mikoko wa delta hii ni miongoni mwa misitu mikubwa ya aina yake katika pwani yote ya Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000. Kwa karne nyingi boriti zake zilipakiwa majahazini kwenda Unguja, Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba katika nyumba za mawe za mwambao. Lakini waulize wanafunzi wetu, nao watasema tu "mikoko", kana kwamba ni mti mmoja. Mkaishe penyewe, mkononi ana penseli, ndipo atakapogundua kwamba mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda kama mtu anayetaka kuchutama. Kwamba mchu hutoa mizizi myembamba inayochomoza topeni kuelekea juu, mamia kwa mamia, kama penseli zilizopandwa. Kwamba ya mlilana ni minene na imechongoka kama vigingi. Kwamba ya mkomafi hutambaa juu ya tope kama mbao zilizosimamishwa kwa ubavu. Mtoto aliyechora mizizi hiyo minne hatayasahau majina yake, kwa kuwa mkono umelazimika kuuliza swali ambalo sikio halikuuliza: hasa hasa, ikoje?

Hiyo ndiyo kazi ya kuchora. Wengi hudhani kuchora ni kupamba. La hasha. Kuchora ni kuuliza. Huwezi kuchora ngalawa bila kujua matengo yake yamefungwa wapi. Unaweza kuisafiria miaka 20 usijue, lakini ukitaka kuichora, karatasi itakuumbua kwa dakika mbili.

Wala si mimi niliyebuni jambo hili la kuchora cha karibu. Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, alisoma Makerere katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell, kisha akaenda London. Baadaye akarudi London hiyo hiyo akiwa Balozi wa kwanza wa Tanganyika huru. Angeweza kuchora majumba ya Waingereza na madaraja yao. Yeye aliendelea kuchora migomba, watu walimao, watu wavunao, watu wachotao maji, yaani maisha ya Wachaga aliokulia kwao. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ilinunuliwa na jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York. Wakubwa wa New York hawakuhitaji mtu wa Machame awachoree New York. Walikuwa nayo tayari.

Au mtazame Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu. Mwaka 1959 alichora picha kubwa kwenye kuta za kanisa kuu la Murang'a nchini Kenya, za maisha ya Yesu tangu kuzaliwa hadi msalabani. Hadithi ile ni ya Bethlehemu na Yerusalemu, mbali kuliko mbali. Lakini Njau aliwachora watu Waafrika, akaiweka hadithi katika vilima na miti ya nchi ile ile ambamo waumini walitoka asubuhi kuja kusali. Hata alipopewa jambo la mbali, alilitafutia mwili karibu.

Najua nitakapopingwa. Ataniambia mtu: "Na Tingatinga je? Simba wa Msasani aliwaona wapi?" Swali zuri. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mnamo mwaka 1968, kwa ubao wa hadibodi na rangi za kung'aa za dukani, akafariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi. Ni miaka minne tu. Lakini alikuwa mtu wa Tunduru, nchi ya mapori na wanyama, na hapakuwa na mtu wa kumwiga. Namna ile aliianzisha mwenyewe. Sasa miaka zaidi ya 50 imepita. Anayerudia chui yule yule leo, doa kwa doa, ili apate mlo wa jioni, simcheki, kwani tumbo halina likizo. Ninachokataa ni kumwambia kijana wa Kibiti kwamba huo ndio mpaka wa uchoraji wa Mtanzania. Kumfuata Tingatinga si kuchora chui wake. Ni kushika rangi iliyopo na kuanza na kile unachokijua wewe.

Kisha kuna neno linaloniudhi kuliko yote: kipaji. Mwalimu husema, "Huyu hana kipaji cha kuchora," na mlango unafungwa. Je, umewahi kumsikia mwalimu wa darasa la kwanza akisema mtoto hana kipaji cha kuandika herufi, basi asiandike? Mtoto huandika "a" mara mia, zikiwa zimelala, zimepinduka, zimevimba, mpaka siku moja "a" inakaa sawa. Hakuna anayeiita kipaji, tunaiita mazoezi. Penseli ni ile ile na mkono ni ule ule. Haba na haba hujaza kibaba, na mchoro mmoja kila siku ni michoro 365 kwa mwaka. Sijui kipaji ambacho kingeshindana na hesabu hiyo.

Mwingereza John Constable, mtoto wa mwenye vinu vya kusagia nafaka, alijipatia jina kwa kuchora mto, mashua na vinu vya kijijini kwao Suffolk. Mwaka 1821 na 1822 alipokuwa akikaa Hampstead alichora mawingu, picha baada ya picha, na nyuma ya nyingi akaandika tarehe, saa na upepo uliokuwa ukivuma. Mawingu, ndugu msomaji! Kuna kijiji gani hapa Rufiji kilichonyimwa mawingu? Nasi tuna la ziada, yaani maji. Mkondo ule ule wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu ni picha mbili, na saa sita baadaye ni ya tatu.

"Lakini siku hizi simu zinapiga picha," watasema. Zipige. Hata mimi hupenda kuona sura za wajukuu zangu katika simu. Ila simu huona kwa niaba yako, ikimaliza inakuachia ujinga wako ule ule. Haikuulizi mtumbwi una mbavu ngapi, wala kivuli kimeangukia upande gani. Na mafuriko ya Aprili 2024, yaliyofunika mashamba na nyumba katika Rufiji na Kibiti, yalipigwa picha nyingi sana. Ni nani kati yetu awezaye leo kukaa chini akachora kingo za mto zilikuwa wapi kabla, na ziko wapi sasa?

Hili si swali la mapambo. Delta haikai mahali pamoja. Mto unahama njia zake, ufukwe unaliwa, mikoko inakatwa kupisha mpunga, na juu huko bwawa la Julius Nyerere limebadili mwendo wa maji. Wataalamu huja na ramani, na mikutano huitishwa chini ya mwembe. Mwananchi ambaye hajawahi kutazama kwa makini hukaa kimya, au husema "zamani palikuwa pazuri". Aliyezoea kuchora atasema: mchu ulifika hapa, leo umeishia pale. Huyo hawezi kuburuzwa kirahisi.

Basi nataka nini? Sitaki jengo wala wafadhili. Nataka dakika 10 kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, na mwalimu achore pamoja na watoto, hata kama chake ni kibaya kuliko vyao. Kitu kiwe cha karibu, kisichozidi umbali wa kuitana. Tarehe na saa viandikwe pembeni. Ufutio ubaki mfukoni, maana mstari uliokosewa nao unafundisha. Pasiwe na kunakili kalenda. Karatasi ikikosekana, mfuko wa saruji una karatasi nzuri. Penseli ikikosekana, mkaa uko jikoni. Vyote vikikosekana, mchanga haujaisha.

Nitaambiwa mtihani hauulizi mambo hayo. Ni kweli, hauulizi. Lakini mtihani huulizwa siku chache, na baada yake mtoto ataishi miaka mingi katika nchi hii, miongoni mwa miti na maji yake. Mzazi anayesoma haya, leo jioni usimwambie mwanao kwamba ana macho. Hilo analijua. Mpe mkaa, mwelekeze kwenye kinu kilichoegemea ukuta, umwambie: tazama.