Kila Mtoto Anayesubiri Awe na Tarehe

Sisi ni walezi wa muda, wazazi walioasili, mawakili, maafisa wa watoto waliostaafu, na vijana waliokulia katika makao ya watoto hapa Kenya. Leo tunaanzisha vuguvugu lenye dai kuu moja. Kila mtoto anayeishi kwenye makao au kwa mlezi wa muda, faili lake liwe na tarehe: siku ambayo itaamuliwa kama anarudi kwa jamaa zake au anatafutiwa familia mpya. Kando ya tarehe hiyo liandikwe jina la afisa atakayeulizwa siku ikipita bila uamuzi.

Dai hili tumelichagua kwa sababu tunajua watoto wanakwama wapi. Kichanga akiokotwa, huandikishwa kituo cha polisi na kupewa nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio. Afisa wa watoto humfikisha mahakamani, na mahakama humkabidhi kwa makao. Polisi hupewa miezi 6 ya kutafuta wazazi. Wasipopatikana, inatakiwa barua nyingine ya polisi kuthibitisha kwamba hakuna aliyejitokeza, na bila barua hiyo mtoto hawezi kutangazwa kuwa huru kuasiliwa. Hapo ndipo mambo hulala. Aliyeandika OB amehamishwa kituo, kitabu chenyewe kimefungiwa stoo, na makao hayana mtu wa kwenda kuulizia kila wiki. Miezi 6 inakuwa miaka. Mtoto aliyeletwa akiwa na wiki chache anaanza kung'oka meno ya utoto, na bado anamwita "mama" kila mwanamke anayeingia langoni. Waombaji wakishapatikana, sheria inawataka waishi na mtoto miezi 3 kabla ya mahakama kutoa amri. Miezi 3! Familia inaweza kuanza kuumbika kwa muda huo, nasi tunampotezea mtoto miaka kwa ajili ya karatasi moja.

Hatutaki pupa. Kumtafutia mtoto jamaa zake ni haki yake, na tunataka kazi hiyo ifanywe kweli, kwa kupitia kwa chifu na wazee wa mtaa, isiishie kwenye fomu. Makadirio ya serikali yametaja zaidi ya watoto 40,000 katika makao zaidi ya 800, na wengi wao si yatima. Wana mama aliye hai, au nyanya, au mjomba, na kilichowafikisha huko ni umaskini. Machi 2020, korona ilipoingia na serikali ikaagiza makao yawarudishe watoto nyumbani, maelfu walirudi. Kwa hiyo walikuwa na pa kurudi. Nyanya wa mtoto kama huyo anahitaji karo, unga na kadi ya hospitali, na fedha zinazotumwa kujenga bweni jipya zingemfikia yeye kwanza. Sheria ya Watoto ya 2022 inayatambua malezi ya jamaa, na mkakati wa taifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watoke kwenye makao waingie katika familia. Maandishi tunayo. Kinachokosekana ni mtu wa kuulizwa.

Wapo ambao hawana wa kuwarudia. Kwa ajili yao tunasema na Wakenya wenzetu, kwa sababu tangu Novemba 2014 serikali ilipositisha raia wa kigeni kuasili watoto wetu, kwa hofu ya biashara ya watoto, familia zinazotakiwa ni zetu sisi. Na sisi, tukijitokeza, twaomba kichanga, tena wa kike, tena mzima. Wavulana, watoto wenye ulemavu, ndugu wasiotaka kutenganishwa na waliofikisha miaka saba au minane, wote hupitwa. Kuhusu wavulana tuseme wazi: tatizo ni shamba. Wazee wanaogopa kumgawia ardhi mtoto wa "nje", wakisema damu ni nzito kuliko maji. Sheria imekwisha kulijibu hilo: aliyeasiliwa ana haki sawa na aliyezaliwa nyumbani, urithi ukiwamo.

Kwa Waislamu, sheria hiyo ya 2022 imeitambua pia kafala. Mtoto hulelewa na kusomeshwa nyumbani huku akibaki na nasaba yake, na mlezi akipenda humwachia fungu katika theluthi ya wasia. Tunawaomba maimamu wa Mombasa, Lamu, Garissa na kwingineko walifundishe jambo hili kwenye hotuba za Ijumaa, maana wapo waumini wengi wanaodhani kwamba dini imewafungia mlango.

Neno kwa walezi wa muda. Mmeambiwa msiwazoee watoto, kwa kuwa wataondoka. Sisi twasema wazoeeni, wapendeni kabisa. Mtoto aliyependwa na mtu mmoja ataweza kumpenda mwingine. Nasi tutadai kwamba mlezi wa muda anayetaka kumwasili mtoto aliyemlea, na mtoto hana jamaa wa kumrudia, asikilizwe kabla ya mwombaji mwingine yeyote.

Mwenye makao, tupe orodha ya watoto ambao faili zao hazijaguswa mwaka huu. Wewe uliyetimiza miaka 25 na una nafasi nyumbani, umeoa au hujaoa, umeolewa au hujaolewa, nenda ofisi ya watoto ya kaunti ndogo yako, na usiulizie vichanga peke yake. Nawe mkuu wa kituo cha polisi, fungua stoo, kitafute kile kitabu cha OB, uiandike ile barua wiki hii.