AFYA YA FAMILIA: Kikohozi kinachotoka moyoni

Mwezi huu tuongee juu ya mtoto ambaye kifua kinamsumbua, anapewa dawa ya kichomi, anapata nafuu siku mbili tatu, halafu kinarudi. Majirani wanasema ni pumu, wengine kifua kikuu. Mara nyingi inaweza kuwa hivyo kweli. Lakini kuna mtoto ambaye shida yake haikuanzia kwenye mapafu. Ilianzia kooni, ikapita kwenye viungo, ikafika moyoni. Ni homa ya baridi yabisi.

Inaanzaje?

Koo linauma kwa sababu ya vijidudu vinavyoitwa streptokoka, kisha linapona. Baada ya wiki 2 au 3 homa inakuja na goti linavimba. Kesho goti limetulia, sasa ni kifundo cha mguu, keshokutwa kiwiko. Askari wa mwili waliopigana na vijidudu wamegeuka, wanaupiga mwili wenyewe. Wanaopatwa zaidi ni watoto wa miaka 5 hadi 15. Wengine wanarusharusha mikono na kukunja uso bila kutaka. Jamani, tusikimbilie kusema ni mapepo.

Viungo vinapona. Hatari ni moyo. Milango midogo ndani yake, yaani valvu, inavimba na kubaki na makovu. Damu inayotoka kwenye mapafu haipiti vizuri, inarundikana nyuma, na maji yake yanavujia ndani ya mapafu. Ndiyo maana mtoto anakohoa usiku akilala chali, anataka kukaa, anahema akipanda kilima kidogo tu. Mara chache sana mapafu yenyewe huvimba kwa homa hii.

Akina dada, hili linawahusu. Kuna wanaougua utotoni bila kujua. Wakishika mimba damu inaongezeka, moyo unalemewa, pumzi inakata. Usiseme ni uzito wa mimba tu. Mwambie mkunga mapema.

Tufanye nini?

1. Koo nyingi ni za virusi na hupona zenyewe. Ila koo likianza ghafla na homa, tezi za shingo zimevimba na hakuna mafua wala kikohozi, mpeleke mtoto zahanati. Dawa ikianza ndani ya siku 9 tangu koo liume, inazuia homa hii. Amalize dawa yote, asigawane na ndugu zake.

2. Ukienda kwa sababu ya kifua, taja pia viungo vilivyouma miezi iliyopita. Bila hiyo habari mganga anaweza kutazama mapafu tu. Mwombe asikilize moyo.

3. Sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4 isikatizwe. Ni ya miaka: angalau 5 kwa ambaye moyo haukuguswa, 10 au zaidi kwa ambaye umeumia, na daktari ndiye anayesema mwisho. Inauma, tunajua, na mtoto akilia tunamwonea huruma. Lakini haitolewi kwa ugonjwa wa leo. Inazuia homa isirudi, kwa sababu kila ikirudi inaongeza kovu. Kama dawa hii iliwahi kumletea vipele au kumbana pumzi, sema kabla ya kuchomwa.

4. Vijidudu hivi vinapenda msongamano. Tunaolala watu wengi chumba kimoja, tufungue madirisha mchana, na mwenye koo alale pembeni.

Neno la mwisho ni kwa familia zinazorudi nyumbani au kwenda nchi ya tatu. Kadi ya sindano iwekwe pamoja na karatasi za familia, siyo kwenye mzigo wa vyombo. Ukifika tu, ulizia zahanati kabla tarehe ya sindano haijapita. Safari inabadilisha anwani, moyo wa mtoto ni uleule.

Tukutane mwezi ujao.